Kaburi la Nyali: Maisha ya Dkt. Johann Ludwig Krapf



Kamati ya yubilei ilipotupa ukurasa huu tuandike maisha ya mtu mmoja wa kale, wengi walidhani tungemleta mtunzi wa nyimbo. Tumemchagua mmishenari, na sababu yake tunaisema wazi. Katika mwaka huu wa maandalizi tuliwazika waimbaji wenzetu wawili, dada mmoja wa sauti ya kwanza na mzee mmoja wa besi. Baada ya mazishi ya pili, baadhi yetu tulisema katika kikao kwamba haifai kushangilia miaka 25 huku matanga hayajakauka. Wengine walinyamaza. Ndipo tukakumbuka kaburi lililoko Nyali.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alisomea umisheni mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1837 Shirika la CMS la Uingereza likamtuma Uhabeshi. Alifanya kazi huko miaka kadhaa, akifukuzwa hapa na kupokelewa pale. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich wa Basel, aliyesafiri hadi Misri kufunga naye ndoa.

Machozi hayakuchelewa. Mwaka uliofuata, wakiwa safarini kujaribu kurudi Uhabeshi, Rosine alijifungua kabla ya wakati, njiani, mbali na nyumba yoyote ya rafiki. Mtoto huyo wa kike hakuishi. Walimpa jina la Eneba, ambalo kwa lugha ya Uhabeshi ni chozi.

Milango ya Uhabeshi ilipofungwa kabisa, waligeukia pwani yetu. Mnamo Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sultani Sayyid Said alimpokea Krapf vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha. Miezi michache baadaye mume na mke wakafanya makao Mombasa. Krapf alianza kujifunza Kiswahili mara moja, na tarehe 8 Juni 1844 akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Mwezi mmoja haukwisha salama. Mapema Julai Rosine alijifungua mtoto wa pili, msichana tena. Homa iliyokuwa imemshika mumewe ikamshika na yeye. Tarehe 13 Julai akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa amelala kitandani kando yake, amedhoofika kiasi kwamba ilimbidi ajikaze sana ainuke apate kuhakikisha kweli mkewe amekata roho. Baada ya siku chache yule mtoto mchanga akamfuata mama yake.

Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao njia ile kwa nini alikuja. Hivyo ndivyo ilivyofanyika, na mahali penyewe ndipo Nyali tunayoijua leo.

Hapa ndipo tunapomtazama Krapf kwa makini. Hakujifanya kuwa haumii. Alilia, aliugua, na aliandika juu ya msiba wake bila kuuficha. Lakini katika barua yake kwa wakuu wake wa London hakuomba arudishwe nyumbani. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na walichukue kuwa dalili ya kwamba kazi imeanza, kwa kuwa Kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake. Kisha akarudi kwenye tafsiri yake.

Miaka miwili alibaki karibu peke yake. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alifika, na mwezi wa Agosti wakaenda kuanzisha kituo Rabai. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa na punda alikuwa mmoja, basi wakawa wanapokezana kumpanda. Wamishenari wengine waliowafuata walikufa mapema, akiwemo Wagner na baadaye Pfefferle. Krapf alitembea hadi Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Huko Ulaya wataalamu wengine hawakumsadiki.

Na mavuno je? Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, na alibatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Kwa hesabu za dunia, hiyo ni hasara: miaka mingi ya kazi, makaburi kadhaa, na mwongofu ambaye naye anaondoka. Lakini Mringe aliondoka akiwa na tumaini, na Krapf hakuona kuwa ni kidogo.

Afya ilimlazimisha kuondoka mwaka 1853. Alirudi mara moja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akaishi Korntal, Ujerumani, akiendelea na lugha zetu hadi uzeeni. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, hakuishika mkononi.

Hata hivyo, mwaka 1875, karibu na lile kaburi, CMS ilikuwa imeanzisha makao ya watu waliokombolewa utumwani, ndiyo Frere Town. Kengele yao ndiyo iliyowapa watu wa Mombasa jina la Kengeleni. Mahali alipozikwa mama mmoja na mtoto wake pakazungukwa na watu wanaoimba.

Wapendwa, kwaya yetu imeimba katika mazishi mengi kuliko harusi. Tumezoea kusimama kando ya kaburi la mtu mwingine, tukiwaimbia waliofiwa juu ya ufufuo, halafu tunavua sare na kwenda nyumbani. Mwaka huu jeneza lilikuwa letu, na sauti zilitukatika. Krapf ametufundisha kwamba kukatika sauti si kukosa imani. Mtume Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kulia. Aliwataka tu kilio chao kisifanane na cha watu wasio na la kutarajia. Tunamtarajia Kristo aliyetoka kaburini, na kwa sababu yake wenzetu wawili hawajapotea.

Basi tulikubaliana yubilei iendelee. Leo mtaona viti viwili mbele yetu, kimoja upande wa sauti ya kwanza na kingine upande wa besi, vimewekewa majoho na kitabu cha nyimbo. Tunawaomba familia za wapendwa hao wakae nasi karibu na viti hivyo. Kama sauti zitatukatika tena, tafadhali mtusaidie kuimba mpaka zirudi.

Mungu awabariki nyote.

Katibu, kwa niaba ya kwaya