Mekatilili wa Menza na Ng'ambo ya Sabaki

Kaburi la Mekatilili wa Menza liko Bungale, katika eneo la Magarini, kaskazini mwa Mto Sabaki. Wengi wanaolitaja jina lake hukumbuka kuku na vifaranga vyake, na wengine hukumbuka safari ndefu ya kutoroka kifungoni. Ni wachache wanaouliza kwa nini shujaa huyu alilazwa ng'ambo hiyo ya mto. Swali hilo lina uzito, kwani ugomvi baina ya Wagiriama na Waingereza mwaka 1914 ulihusu ng'ambo hiyo hiyo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi. Alizaliwa Mutara wa Tsatsu, pande za Ganze, katika karne ya 19, akiwa binti pekee miongoni mwa ndugu wa kiume. Masimulizi ya jamaa yanaeleza kwamba kaka yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara ya watumwa na hakuonekana tena. Aliolewa na Dyeka wa Duka huko Lango Baya, na alipomzaa Katilili, akaitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili, kama ilivyo desturi ya Wagiriama.

Maisha yake yalikwenda sambamba na uhamaji mkubwa wa kabila lake. Katika karne hiyo Wagiriama walikuwa wakiacha maboma ya Kaya Fungo na kutawanyika kaskazini wakitafuta ardhi. Kufikia miaka ya 1890 walikuwa wamevuka Sabaki na kuingia katika nchi ambayo leo ina vijiji kama Marafa, Adu na Bungale. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, wakafuga na kuuza nafaka kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Malindi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba makubwa ya Malindi yakakosa wafanyakazi, umuhimu wa nafaka ya Wagiriama ulizidi. Hawa hawakuwa watu maskini waliosubiri kuajiriwa, na kwa macho ya serikali hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Waingereza walitaka vibarua wa mashamba ya walowezi. Mkulima anayejitosheleza haendi kuwa kibarua. Hivyo ikapangwa kodi ikusanywe kwa nguvu zaidi, vijana watolewe kwenda kazini, na wakazi wa kaskazini mwa Sabaki warudishwe kusini. Afisa aliyetumwa kuitekeleza kazi hiyo ni Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, aliyeanza kazi kwa Wagiriama mwaka 1912.

Hapo ndipo Mekatilili alipojitokeza. Hakuwa mzee wa kaya, wala hakuwa na cheo chochote cha kumpa haki ya kuitisha mkutano. Alichokuwa nacho ni ulimi, na ngoma ya kifudu. Kifudu ni ngoma ya maziko, yenye heshima na miiko yake, na wanawake wana nafasi kubwa ndani yake. Alipokwenda kijiji hata kijiji akiicheza, watu walimfuata kama wafuatavyo msiba, na mkusanyiko ukishatimia akawahutubia kuhusu vijana wanaochukuliwa na ardhi inayotakiwa. Ni vigumu kufikiria njia bora zaidi: serikali ingeweza kuvunja baraza, lakini kuvunja maombolezo ni jambo jingine. Kutoka hapo akawaelekeza watu Kaya Fungo, ambako mwaka 1913 wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Baada ya viapo hivyo wazee waliowekwa na serikali walishindwa hata kumpata kibarua mmoja.

Kisa cha kuku ni cha wakati huo. Inasimuliwa kwamba katika baraza alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamtaka achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku alimdonoa. Basi, hivyo ndivyo Wagiriama watakavyofanya wakichukuliwa wana wao. Yako masimulizi yanayoongeza kwamba Champion alimpiga kuku risasi. Kisa hiki hubadilika kila kinaposimuliwa, lakini hoja yake haibadiliki, na hata mtoto huielewa bila kufafanuliwa.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi pwani kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilomita kupitia nchi za watu wasiowajua. Serikali ilijibu kwa ukali. Mwezi Agosti, vita vya Ulaya vikianza na wapagazi wakihitajika, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama wakainuka. Wakapigwa, nyumba zao zikachomwa moto, mbuzi wao wakatwaliwa kwa maelfu, na wakatozwa faini ya rupia 100,000. Waliokuwa ng'ambo ya kaskazini waliamriwa kuvuka mto. Mekatilili alikamatwa tena.

Kwa kipimo cha bunduki walishindwa. Lakini watu waliosongamana kusini mwa mto walipata njaa, vibarua waliotarajiwa hawakupatikana kama ilivyodhaniwa, na serikali ikalazimika kulegeza amri yake. Watu wakaanza kuvuka Sabaki kurudi kwenye mashamba yao. Mekatilili aliachiliwa mwaka 1919, akarudi kwa watu wake na kuendelea kuheshimiwa kama kiongozi wa wanawake. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, katika ardhi ambayo mwaka 1914 iliamriwa isibaki na Mgiriama hata mmoja.