Rugomora Mahe: Mtawala wa Buhaya aliyetaka kuifikia mbingu kwa chuma

Miongoni mwa watawala wa kale wa Buhaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria kutoka Mwanza, jina la Mukama Rugomora Mahe halijafutika. Mtawala huyo wa ukoo wa Wahinda, ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 17, aliitawala Kyamutwara na kuweka makao yake Katuruka, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera.

Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa aliwakusanya wafua chuma na kuwaamuru wajenge mnara wa chuma ili azione mbingu zilivyo. Mnara huo uliporomoka na kuua mafundi. Mahali panapohusishwa na kisa hicho, palipokuwa na mti mtakatifu, huitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma.

Takriban mwaka 1970, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alichimba hapo akifuata masimulizi hayo. Alikuta mabaki ya ufuaji chuma, lakini mkaa ulipopimwa ulionekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hivyo, Mukama hakuwa mwanzilishi wa ufundi huo. Aliweka makao yake juu ya urithi wa kale, na jina lake likauhifadhi.

Mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya. Walijaza shimo kwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakapanga juu yake mkaa na mawe ya chuma, kisha wakavuta mivukuto. Ndani ya tanuru la namna hiyo, gesi ya kaboni monoksidi huliondolea jiwe oksijeni hatua kwa hatua. Umbo la ndani hubadilika, vinyweleo hufunguka, na chembe za chuma huungana huku mavi ya chuma yakitiririka chini. Viwanda vya mbolea navyo hutumia badiliko hilo kupata chuma chenye vinyweleo kinachoharakisha utengenezaji wa amonia.

Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science na kuzua mjadala miongoni mwa wataalamu.

Majembe ya viwandani yalikwisha kuzima matanuru ya Buhaya, na wazee waliojua kazi hiyo wamepungua. Ni masimulizi kuhusu Rugomora Mahe yaliyoonyesha pa kuchimba. Yasiporithishwa, urithi mwingine uliofukiwa kandokando ya ziwa hautakuwa na wa kuuonyesha.