Sokoine: Baada ya Kagera, vita ya uchumi

WAKULIMA wa Kimamba, wilayani Kilosa, wanaujua mkonge na wanajua ulivyoporomoka. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Miaka ya 1980 ilipoanza, kiasi hicho hakikufika hata nusu, na fedha za kigeni za kununulia vipuri na mafuta zilikuwa haba. Mmoja wa waliobebeshwa mzigo wa kuinua uchumi huo ni hayati Edward Moringe Sokoine.

Sokoine alizaliwa mwaka 1938 Monduli, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Aliingia bungeni mwaka 1965, akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 1972 na Waziri Mkuu mwaka 1977. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978, alishiriki kuiandaa nchi kwa vita. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Kampala ilitekwa Aprili 1979.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Inakadiriwa vita ilimeza dola za Marekani milioni 500. Bei ya mafuta nayo ilipanda duniani, usafiri ukawa wa shida na mazao yakakwama vijijini. Sukari, sabuni na khanga vikaadimika, ulanguzi ukashamiri.

Sokoine aliondoka madarakani mwaka 1980, akarejeshwa Februari 1983. Mwezi uliofuata alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa na bidhaa nyingi zilizofichwa zikafichuliwa. Wananchi wengi walishangilia.

Hata hivyo, msako uliwakumba pia wenye maduka madogo. Wengine waliogopa kuweka bidhaa, rafu zikabaki tupu. Chanzo cha uhaba kilikuwa uzalishaji mdogo na bei za serikali zisizomlipa mkulima, mambo ambayo polisi hawawezi kuyatibu.

Tiba ilianza kuonekana upande mwingine. Mwaka huo huo wa 1983 serikali ilitoa sera mpya ya kilimo, na mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa Dar es Salaam, ndiyo daladala. Vyama vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976, vilikuwa njiani kurudi kwa sheria ya mwaka 1982.

Sokoine hakuyaona matunda yake. Aprili 12, 1984, akitoka Dodoma, alifariki kwa ajali ya gari Wami-Dakawa, mkoani Morogoro, akiwa na miaka 45. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro kilipewa jina lake.

Anakumbukwa kwa uadilifu wake. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, miaka yake inaacha somo: mlanguzi hukosa nafasi pale shamba linapolipa, barabara inapopitika na duka linapojaa bidhaa.