Mackinnon: Tajiri wa meli aliyelemewa na ulinzi wa Witu

KILILANA inajulikana leo kwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Ni wachache wanaokumbuka kwamba zaidi ya miaka 130 iliyopita sehemu hizi za bara ya Lamu ziliwahi kutawaliwa na kampuni ya biashara iliyokuwa na askari wake yenyewe. Aliyeiongoza alikuwa Sir William Mackinnon, ambaye jina lake limebaki katika mji wa Mackinnon Road, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi.

Mackinnon alizaliwa Machi 31, 1823, katika mji wa Campbeltown, Scotland. Alijifunza kazi katika biashara ya vyakula kabla ya kwenda India mwaka 1847. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli ambayo baadaye iliitwa British India, na kufikia 1872 meli zake zilikuwa zikichukua barua hadi Unguja. Huko alijenga urafiki na Sultani Barghash, ambaye mwaka 1887 aliwakabidhi Mackinnon na wenzake usimamizi wa sehemu ya pwani yake.

Septemba 3, 1888, Kampuni ya Imperial British East Africa, yaani IBEA, ilipata hati ya Malkia wa Uingereza. Hati hiyo iliiruhusu kampuni kutawala na kuweka polisi. Kuanzia hapo Mackinnon hakuwa mwajiri wa makarani na mabaharia tu, bali pia wa watu waliobeba bunduki.

Mtihani wa kwanza ulizuka mara tu wawakilishi wake walipofika Mombasa. Watumwa wengi waliotoroka walikuwa wamekimbilia kwa wamisheni wa Rabai, na mabwana wao walikuwa wakiwaka kwa hasira. George Mackenzie, msimamizi wa kampuni, angeweza kutegemea nguvu za silaha. Badala yake alikubali kuwalipa mabwana hao fidia, na Januari 1, 1889, watu wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Kampuni ilinunua amani kwa fedha, na vita vikaepukwa.

Huko Witu mambo yalikwenda kinyume. Septemba 1890 Wajerumani walioongozwa na Küntzel, waliokuja kutafuta mbao, waligombana na watu wa Sultani Fumo Bakari na wengi wao wakauawa. Mwezi uliofuata majeshi ya majini ya Uingereza yaliuteketeza mji wa Witu. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka 1891, na Machi mwaka huo IBEA ikakabidhiwa utawala wa eneo hilo.

Kampuni ilipokea nchi iliyojeruhiwa. Wafuasi wa Fumo Omari walijikita msituni, katika ngome za Pumwani na Jongeni. Kila kituo kilihitaji askari, na askari hao, wakiwemo walioletwa kutoka India, walihitaji mishahara, chakula na tiba. Mapato hayakutosha kulipia ulinzi, na bila ulinzi mapato yasingepatikana. Huo ndio mtego uliomnasa Mackinnon.

Alifariki London Juni 22, 1893, bila kuacha mtoto. Wiki chache baadaye, Julai 31, kampuni yake iliondoka Witu na kuiacha serikali ya Uingereza ibebe mzigo. Uganda ilikuwa imekwisha kuachwa mwezi Machi mwaka huohuo. Mwaka 1895 kampuni ilisalimisha kila kitu, ikalipwa pauni 250,000, nyingi zikitoka katika hazina ya Unguja.

Hata hivyo, deni lililo kubwa zaidi halikuwa la fedha. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, akiitumikia kampuni, aliwaandikisha askari wa Kisudani waliokuwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, pamoja na wake na watoto wao. Kampuni ilipojitoa, askari hao walirithiwa na serikali kama rasilimali nyingine yoyote. Mwaka 1897 waliasi. Walichoshwa na mishahara midogo iliyochelewa, safari zisizokwisha na kutenganishwa na familia zao. Baadhi ya maofisa, akiwemo Meja Thruston, waliuawa.

Mackinnon hakuishi kuyaona hayo. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha kwamba mlinzi naye ni mwajiriwa, na kwamba mali haiwi salama ikiwa anayeilinda ana njaa au amesahauliwa. Rabai kampuni ilitazama kwanza madai ya watu, ikafaulu. Witu ilitanguliza bunduki kabla ya kujua nani angezilipia. Kwa wanaosimamia miradi mikubwa huko Kililana leo, hesabu hiyo ni ya kufanywa mapema, mishahara ya walinzi ikiandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari.