Charles Drew: Daktari mweusi aliyeokoa Waingereza vitani, kisha damu ya watu wake ikabaguliwa

UKIZUNGUMZIA historia ya benki za damu, lazima utamtaja Dkt Charles Drew. Shida ni kwamba mengi yanayosemwa kumhusu yametiwa chumvi. Eti yeye ndiye mtu wa kwanza kuanzisha benki ya damu. Eti alikufa kwa sababu hospitali ya wazungu ilimnyima damu. Yote mawili si kweli, na ukweli wenyewe unauma kuliko hizo hadithi.

Drew alizaliwa Juni 3, 1904, jijini Washington D.C. Babake alikuwa fundi wa kutandika mazulia. Mwaka wa 1920 dadake Elsie aliaga dunia akiugua kifua kikuu na mafua makali, na kifo hicho kilimfanya kijana huyo aanze kuwazia udaktari. Lakini wakati huo alijulikana zaidi kwa michezo. Alikuwa moto katika futiboli ya Kimarekani na mbio za kuruka viunzi, na ni michezo iliyomsaidia kupata ufadhili wa kusoma katika chuo cha Amherst.

Alipohitimu 1926, hela za kusomea udaktari hazikuwepo. Basi akaenda kufundisha na kusimamia michezo katika chuo cha Morgan, Baltimore, kwa miaka miwili huku akidunduliza. Alituma maombi Chuo Kikuu cha Howard, kikamkataa kwa sababu hakuwa na masomo ya kutosha ya Kiingereza. Weka hilo akilini, maana tutalirudia. Akavuka mpaka hadi Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, na mwaka wa 1933 akamaliza akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 137.

Ni huko McGill alikokutana na mhadhiri Mwingereza, John Beattie, aliyemtia hamu ya kuchunguza mambo ya kuongezewa damu. Mwaka wa 1938 alipata ufadhili wa kuendelea na utafiti Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akishirikiana na Dkt John Scudder. Benki za damu tayari zilikuwepo; hospitali moja ya Chicago ilikuwa imefungua yake 1937. Tatizo lilikuwa kwamba damu nzima ilikuwa ikiharibika baada ya siku chache tu.

Hapa ndipo pa kuelewa. Damu ina chembe nyekundu, ambazo ndani yake mna hemoglobini inayobeba oksijeni. Chembe hizo huogelea katika maji ya rangi ya manjano yanayoitwa plazima. Mtu akimwaga damu nyingi, mara nyingi kinachotangulia kumuua ni mishipa kukosa kitu cha kuijaza, hivyo msukumo wa damu unaporomoka. Plazima inaweza kuijaza tena. Ukiitenganisha na chembe hukaa kwa miezi, na vitani ilichanganywa kutoka kwa watu wengi na kupewa majeruhi bila kuuliza kundi la damu yake. Drew alichambua haya yote katika tasnifu yake ya 1940, akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kupata shahada ya Udaktari wa Sayansi pale Columbia.

Mwaka huo huo ndege za Ujerumani zilikuwa zikishambulia Uingereza kwa mabomu. Beattie, aliyekuwa amerudi kwao, akaomba plazima. Drew akapewa usimamizi wa mpango wa kukusanya damu New York na kusafirisha plazima. Kazi haikuwa ya kuvumbua kitu kipya. Ilikuwa ya utaratibu. Kila hospitali ilikuwa na mtindo wake, na bakteria wakiingia kwenye chupa moja wanaharibu mchanganyiko mzima. Yeye akazilazimisha zote zifuate hatua zile zile na vipimo vile vile. Kufikia Januari 1941, watu zaidi ya 14,000 walikuwa wamejitolea, na zaidi ya lita 5,000 za plazima zikapatikana.

Mwezi uliofuata alichaguliwa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani wa kutengeneza plazima kavu kwa ajili ya jeshi. Aliondoka Aprili, akarudi Howard. Baadaye mwaka huo, shirika hilo likatangaza kwamba halitapokea damu ya watu weusi. Watu walipopiga kelele, Januari 1942 likakubali kuipokea, lakini itengwe na ya wazungu. Kwa hivyo mtu aliyewaonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo, kama angejitolea mwenyewe, chupa yake ingewekwa kando. Drew alisema waziwazi kwamba ubaguzi huo haukuwa na msingi wowote wa kisayansi. Kuna wanaodai alijiuzulu kwa sababu hiyo, ila tarehe zinakataa: alikuwa ameshaondoka.

Plazima nayo ina upungufu mmoja mkubwa: haibebi oksijeni. Ndiyo maana watafiti wengine walijaribu kutumia hemoglobini yenyewe, nje ya chembe. Mwaka wa 1949 Mmarekani William Amberson na wenzake walitoa ripoti ya kuwapa wagonjwa maji yenye hemoglobini. Ilibeba oksijeni vizuri, lakini figo zikaumia. Safari hiyo haijaisha, ingawa Afrika Kusini iliidhinisha mwaka wa 2001 Hemopure, inayotokana na hemoglobini ya ng'ombe.

Drew mwenyewe alikuwa amegeukia jambo jingine. Kile chuo cha Howard kilichomkataa ndicho alichokiongozea idara ya upasuaji. Kati ya 1941 na 1950, zaidi ya nusu ya madaktari weusi waliothibitishwa na bodi ya taifa ya upasuaji walikuwa wanafunzi wake. Idadi hiyo ni watu wanane tu, nayo inakuonyesha mlango ulivyokuwa mwembamba.

Alfajiri ya Aprili 1, 1950, alikuwa akiendesha gari na madaktari wenzake watatu kuelekea kongamano Tuskegee, Alabama. Walikuwa wamesafiri usiku kucha. Karibu na Burlington, North Carolina, usingizi ukamchukua kwenye usukani na gari likabingirika. Madaktari wazungu katika hospitali ya karibu walimhudumia, lakini majeraha yalikuwa mabaya mno. Alikuwa na miaka 45. Wenzake walinusurika.

Mwaka huo huo Msalaba Mwekundu uliacha kuandika rangi ya ngozi kwenye damu. Jimbo la Louisiana lilibaki na sheria yake ya kuitenga hadi 1972.