Mswada wa Livingstone na soko la Nyangwe

Mfanyabiashara anayetoka Rumonge kwenda Bujumbura hupita Mugere, penye jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata mwambao huu hadi mdomo wa Rusizi, wakahakikisha kwamba mto unaingia ziwani, hautoki.

David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, alikuwa mwandishi mashuhuri tangu kitabu chake cha 1857. Lakini miezi michache kabla ya safari hiyo, akiwa Nyangwe huko Maniema, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mimea.

Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa utumwa waliwafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Walikimbilia mitumbwi. Mamia walikufa, kwa risasi au kwa kuzama mtoni Lualaba.

Baadaye Livingstone alinakili rasimu hiyo katika daftari kubwa, akiisafisha. Hilo si kosa. Hata sisi wa sokoni hunakili upya daftari la mauzo jioni. Ila deni halifutwi kwa sababu mwandiko wa mchana ulikuwa mbaya, na hapo ndipo mzee yule alipoteleza: alipunguza habari za ukorofi wa watu waliokodiwa Zanzibar kwa ajili yake.

Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza zilichochea hasira, na mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Mwaka huohuo Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao walibeba mwili na madaftari yake hadi pwani. Horace Waller akahariri tena, na kitabu kikatoka London mwaka 1874.

Rasimu ya gazeti ilififia hadi haisomeki. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mwanga maalumu. Maneno yaliyoachwa yakaonekana, na pamoja nayo shaka kwamba baadhi ya watu wa Livingstone mwenyewe huenda walishiriki mauaji yale.