Manute Bol: Mrefu wa Turalei na Hesabu Zake

Pita Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabati ulioegemea viwanda vya Nairobi, wakati wa jioni watoto wameshatoka shule. Penye uwazi kidogo hukosi kukuta mpira. Hapana mwenye daftari pale. Afungaye hushangiliwa, na azuiaye husahauliwa kabla ya magharibi kuingia.

Mpira wa kikapu wa kulipwa nao ulianza karibu na hivyo. Mchezo wa kwanza wa ligi kuu ya Marekani ulichezwa Toronto tarehe 1 Novemba 1946, na New York wakawashinda wenyeji 68 kwa 66. Walioandika siku zile waliandika hasa pointi. Mipira inayodakwa ikirudi kutoka kikapuni haikuhesabiwa rasmi hadi msimu wa 1950-51. Ama mipira inayozuiwa njiani, hiyo ilingoja mpaka msimu wa 1973-74. Ndiyo maana Bill Russell, aliyesifiwa mno kwa kuzuia, hana idadi rasmi hata moja ya kazi yake hiyo.

Daftari lilipokuwa tayari, akatokea wa kuandikwa ndani yake. Huyo ni marehemu Manute Bol.

Bol alikuwa Mdinka wa Turalei, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Vitabu vinataja kuzaliwa kwake kuwa Oktoba 16, 1962. Utoto wake ulipita machungani, nyuma ya ng'ombe, kama ilivyo desturi ya watu wake. Urefu wake haukuwa na mfano: alipokoma kukua alifika sentimita 231, na mwili wake ulikuwa mwembamba kama mlingoti. Mpira wa kikapu aliujulia Wau na Khartoum, naye alikuwa kijana tayari.

Mwaka 1983 mwalimu mmoja wa mchezo kutoka Marekani, Don Feeley, alimpeleka kwao. Lugha ilimpa taabu, na ilimbidi asome kwanza. Alicheza msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, na mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ikamchukua.

Msimu wake wa kwanza uliwashangaza waandishi wa hesabu. Katika michezo 80 alizuia mipira 397, yaani karibu mitano kila mchezo. Hakuna mgeni wa ligi hiyo aliyepata kufikia idadi hiyo. Tarehe 25 Januari 1986, walipokutana na Atlanta, alizuia mipira 15 peke yake, na mwaka uliofuata akairudia idadi hiyo hiyo mbele ya Indiana. Aliyemzidi kwa mchezo mmoja ni Elmore Smith, aliyezuia 17 mwaka 1973.

Lakini tazama na upande wa pili wa ukurasa. Katika michezo 624 ya maisha yake ya ligi, Bol alifunga pointi 1,599 na kuzuia mipira 2,086. Mchezaji aliyezuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga ni kitu adimu. Wapo waliomcheka kwa hilo, wakamwona kama kioja cha kutazamwa kwa kiingilio. Yeye alicheka pamoja nao, akaendelea na kazi yake ya kuwanyima wengine.

Na fedha je? Hapo ndipo hesabu zinapogeuka. Kwao kulikuwa na vita tangu mwaka 1983, na jamaa zake wengi waliuawa. Sehemu kubwa ya mali aliyoichuma kwa mikono ile mirefu aliitoa kwa ajili ya watu wa kusini na wakimbizi wao. Inakadiriwa kuwa ni dola milioni tatu na nusu. Alipoacha mchezo akarudi Khartoum, mfuko ulikuwa umekauka. Kwa maelezo yake, aliahidiwa cheo serikalini, kisha akaambiwa sharti lake ni kubadili dini, akakataa. Ni jambo ambalo Mwislamu aijuaye dini yake hawezi kulitetea, kwani imani haishikishwi mtu kwa cheo.

Aliondoka Sudan kupitia Misri, na mwaka 2002 akaingia tena Marekani, safari hii kama mkimbizi. Mwaka huo huo alipanda ulingoni kupigana ngumi mbele ya kamera za televisheni, ili apate kuchangisha fedha za watoto wa kwao. Mtu mzima, jina kubwa, anakubali kuchekwa ili wengine wale. Mwaka 2004 ajali ya gari ilimvunja shingo, akapona kwa shida.

Mtu aliyetendewa hayo angeweza kuwafungia Waislamu wote moyo wake. Hakufanya hivyo. Waislamu wa Darfur walipokumbwa na vita vyao kuanzia mwaka 2003, Bol aliwasemea. Na aliposhirikiana na jumuiya ya Sudan Sunrise kujenga shule Turalei, alitaka iwe shule ya kupokea watoto bila kuulizana dini.

Mwaka 2010 alikwenda nyumbani kwa shughuli za shule hiyo, akakaa mpaka uchaguzi wa mwezi Aprili. Alirudi Marekani mgonjwa. Figo zilimsumbua, na ugonjwa mkali wa ngozi ukamzidi. Alifariki tarehe 19 Juni 2010 huko Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 47, akarudishwa kuzikwa Turalei. Nchi aliyoililia ikapata uhuru Julai 9, 2011, naye hakuiona.

Huko Misri kulikuwa na mtoto mkimbizi, Luol Deng, ambaye Bol alimfundisha mchezo. Mtoto yule alikuja kuwa nyota wa ligi ile ile, kisha kiongozi wa mpira wa kikapu wa Sudan Kusini, na mwaka 2024 timu ya nchi hiyo ilicheza Olimpiki ya Paris na kuishinda Puerto Rico.

Mipira 2,086 imeandikwa, na yeyote anaweza kuisoma. Vinywa alivyovilisha havimo katika daftari lolote la ligi. Lakini sisi tunajua kwamba lipo daftari jingine, na mwandishi wake hasahau.